Fasihi ya Kiingereza katika Ufundishaji wa Lugha: Tahakiki ya Vitabu Teule vya Sekondari kwa Kumzingatia Msomaji wa Chamwino

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna fasihi iliyoandikwa kwa Kiingereza inavyotumiwa kufundishia lugha hiyo katika shule za sekondari nchini Tanzania, kwa kumzingatia mwanafunzi wa Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Matini tatu zinazofahamika katika shule hizo zimechambuliwa: tamthiliya ya Three Suitors: One Husband ya Guillaume Oyono-Mbia, riwaya ya Unanswered Cries ya Osman Conteh, na shairi la Your Pain la Armando Guebuza. Uchambuzi umeongozwa na Nadharia ya Mwitiko wa Msomaji ya Louise Rosenblatt pamoja na mikabala mitatu ya ufundishaji wa fasihi iliyobainishwa na Carter na Long (1991). Hoja kuu ni kwamba matini hizi zina uwezo mkubwa wa kufundisha lugha, lakini uwezo huo hupotea pale zinapogeuzwa kuwa orodha ya dhamira za kukariri kwa ajili ya mtihani. Makala yanaonesha kuwa mahali panapobeba uzito wa maudhui katika kila matini ndipo pia palipo na jambo gumu la sarufi, na kwamba Kiswahili na Kigogo ni nyenzo za kumfikisha mwanafunzi mahali hapo.

1.0 Utangulizi

Katika shule za sekondari za Tanzania, fasihi ya Kiingereza haikuingizwa darasani kwa ajili ya fasihi peke yake. Chini ya muhtasari wa somo la Kiingereza uliotokana na mabadiliko ya mtaala ya mwaka 2005, riwaya, tamthiliya na mashairi viliwekwa ndani ya somo la lugha. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili alianza na vitabu vyepesi vya hadithi, kama vile Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer vya Richard Mabala, kisha akaingia katika vitabu teule vya kidato cha tatu na cha nne. Lengo lililotajwa lilikuwa la kilugha: mwanafunzi asome zaidi, apate msamiati, na aweze kueleza maoni yake kwa Kiingereza kwa mdomo na kwa maandishi.

Uamuzi huo una historia. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika shule za sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 ripoti ya Criper na Dodd ilibainisha kuwa kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari kilikuwa cha chini mno kiasi cha kutowawezesha kujifunza masomo mengine kwa lugha hiyo. Serikali ilibaki na Kiingereza, na kwa msaada wa Uingereza juhudi zikaelekezwa katika kukiimarisha, ikiwa ni pamoja na kuhimiza usomaji wa vitabu vya hadithi. Kwa hiyo, tangu mwanzo kitabu cha hadithi kilipewa jukumu zito: kuziba pengo kati ya lugha anayoijua mwanafunzi na lugha anayofundishiwa.

Pengo hilo ni pana zaidi Chamwino kuliko neno "lugha ya pili" linavyoashiria. Wilaya hii, iliyotokana na iliyokuwa Wilaya ya Dodoma Vijijini mwaka 2007, ni sehemu ya Ugogo. Mtoto wa Mvumi, Manchali au Itiso aliyelelewa katika kaya ya Wagogo huanza maisha kwa Kigogo. Shule ya msingi humpa Kiswahili kama lugha ya kufundishiwa, na Kiingereza hukutana nacho kama somo. Afikapo kidato cha kwanza, Kiingereza hicho hicho hugeuka kuwa lugha ya fizikia, historia na jiografia. Kwa mwanafunzi wa namna hii Kiingereza ni lugha ya tatu, na ni nadra kukisikia kisimani, mnadani au ibadani. Kitabu cha fasihi kinaweza kuwa mahali pekee anapowakuta watu wakibembelezana, wakigombana, wakiahidiana na wakikataana kwa Kiingereza. Hiyo ndiyo thamani yake ya kwanza, na ndiyo inayopaswa kuwa kipimo cha namna kinavyofundishwa.

2.0 Tatizo na Kiunzi cha Nadharia

Tatizo linajidhihirisha katika swali la mtihani. Katika mtihani wa kidato cha nne, mtahiniwa amezoea kutakiwa atumie vitabu viwili kati ya vilivyoorodheshwa kuthibitisha hoja fulani: kwamba waandishi wanapinga ukandamizaji wa wanawake, kwamba mila zinakwamisha maendeleo, au kwamba jamii ina mengi ya kujifunza kutoka kwa wahusika. Swali la namna hii linaweza kujibiwa vizuri na mtu aliyekisoma kitabu. Kwa bahati mbaya, linaweza pia kujibiwa vizuri na mtu ambaye hajakifungua. Notisi zilizorudufiwa, ambazo wanafunzi wengi huziita madesa, humpa mtahiniwa dhamira sita, majina ya wahusika na sentensi moja ya ushahidi kwa kila dhamira. Anazikariri kama anavyokariri tarehe za historia. Hapo fasihi imefundishwa na mtihani umefanywa, lakini lugha haijaguswa.

Rosenblatt, ambaye kitabu chake cha kwanza kuhusu suala hili kilitoka mwaka 1938, anasaidia kulitaja tatizo hili kwa jina. Katika kazi yake ya mwaka 1978 anatofautisha usomaji wa kuchota taarifa na usomaji wa kiujumi. Katika usomaji wa kwanza, msomaji anajali kile atakachoondoka nacho baada ya kusoma, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Katika usomaji wa pili, msomaji anajali kile kinachomtokea wakati anasoma: anavyoshtuka, anavyomhurumia mhusika, anavyobisha. Carter na Long (1991) nao wanabainisha mikabala mitatu ya kufundisha fasihi: mkabala wa kiutamaduni, unaoichukulia matini kama chanzo cha maarifa kuhusu jamii; mkabala wa kilugha, unaoichunguza matini kama matumizi ya lugha; na mkabala wa ukuaji binafsi, unaompa mwanafunzi nafasi ya kuihusisha matini na maisha yake.

Kwa kutumia kiunzi hiki, inaonekana kwamba desturi iliyojengeka inachukua mkabala wa kiutamaduni peke yake na kuufundisha kwa usomaji wa kuchota taarifa. Mikabala mingine miwili huachwa. Aghalabu mkabala wa kilugha huhamishiwa katika kipindi kingine, ambako sarufi hufundishwa kwa sentensi zisizo na mwenyewe. Makala haya yanadai kwamba utengano huo hauna msingi katika matini zenyewe, kama mifano mitatu ifuatayo inavyodhihirisha.

3.0 Uchambuzi wa Matini

3.1 Nafsi ya Tatu katika Three Suitors: One Husband

Tamthiliya hii ya Oyono-Mbia, mwandishi wa Kamerun, iliandikwa kwanza kwa Kifaransa na kuchapishwa mwaka 1964, kisha mwandishi mwenyewe akaiweka katika Kiingereza. Ukweli huo una maana kwa mada hii. Kitabu ambacho mwanafunzi wa Chamwino anakipokea kama "fasihi ya Kiingereza" kimeandikwa na Mwafrika ambaye naye alikifikia Kiingereza akitokea katika lugha nyingine. Msomaji na mwandishi wako upande mmoja wa mto.

Juliette, binti aliyesoma, anarudi kijijini Mvoutessi na kukuta familia yake imekwisha kupokea faranga 100,000 kutoka kwa Ndi, kijana mkulima. Anakuja Mbia, mtumishi wa serikali, naye anatoa 200,000. Juliette anampenda Oko, mwanafunzi asiye na kitu. Fedha za wachumba wale wawili zinachukuliwa kwa siri, na mwishoni zinarudi mikononi mwa baba kama mahari ya Oko. Notisi za kukariri humaliza haraka: dhamira ni ndoa za kulazimishwa, uchu wa mali, nafasi ya mwanamke, mgongano wa ukale na usasa. Yote ni kweli, na yote yanaweza kusemwa bila kusikiliza hata zamu moja ya mazungumzo.

Msomaji anayesikiliza atagundua jambo jingine. Wazee wanapojadili mahari, Juliette yupo lakini anazungumziwa kama mtu asiyekuwapo. Wanamtaja kwa nafsi ya tatu, na uamuzi unapita juu ya kichwa chake. Mgogoro unaanza pale anapojichukulia nafsi ya kwanza na kukataa kufanywa bidhaa. Kwa hiyo, suala la uhuru wa Juliette katika tamthiliya hii ni pia suala la viwakilishi vya nafsi: nani anasema "mimi", nani anaambiwa "wewe", na nani anabaki kuwa "yeye".

Hapa ndipo sarufi na maudhui vinapokutana kwa manufaa ya mwanafunzi wa Chamwino. Kigogo na Kiswahili, kama lugha nyingine za Kibantu, havitofautishi mume na mke katika nafsi ya tatu. Kiambishi kimoja kinawatosha wote. Ndiyo maana mwanafunzi aliyefaulu vizuri masomo mengine bado humwita mama yake he na baba yake she. Kosa hili hurekebishwa kwa wino mwekundu miaka minne na hubaki palepale, kwa sababu mwanafunzi hajawahi kukutana na hali ambayo tofauti hiyo ilikuwa na uzito wowote. Onesho la wazee wanaomgawa Juliette linampa hali hiyo. Darasa likiigiza onesho hilo mara mbili, mara ya kwanza kama lilivyo na mara ya pili wazee wakilazimika kumwelekea Juliette na kumuuliza yeye mwenyewe, kila badiliko la kiwakilishi linakuwa badiliko la mamlaka. Mwanafunzi hatajifunza she kama kanuni, bali kama jina la mtu aliyenyimwa zamu ya kusema.

Kuna swali jingine ambalo notisi hulifuta. Ushindi wa Juliette umejengwa juu ya fedha zilizochukuliwa kwa hila. Katika jamii ambayo mahari huhesabiwa kwa mifugo, kama ilivyo Ugogo, msomaji hawezi kulipita jambo hili kwa urahisi. Je, Ndi, ambaye ni mkulima na hakumdanganya mtu, ametendewa haki? Tamthiliya inacheka na kuendelea, lakini darasa halilazimiki kuendelea. Mjadala juu ya Ndi unahitaji sentensi za masharti, za kukubali nusu na kukataa nusu. Ni Kiingereza kigumu, na wanafunzi watakitafuta kwa sababu wana jambo la kubishania.

3.2 Kauli ya Kutendwa katika Unanswered Cries

Riwaya ya Conteh, mwandishi wa Sierra Leone, inamhusu Olabisi, msichana wa miaka 14 anayetakiwa kukeketwa kwa kufuata mila za upande wa mama yake, Makalay. Suala hilo linafikishwa mahakamani. Kati ya matini tatu zinazojadiliwa hapa, hii ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha ya wasomaji wake wa Dodoma. Utafiti wa kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2015–16 ulionesha kwamba asilimia 47 ya wanawake wa Mkoa wa Dodoma wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, kiwango kilichozidiwa na Manyara pekee. Utafiti wa mwaka 2022 ulionesha asilimia 18. Kupungua huko ni kukubwa, lakini katika darasa lolote la kidato cha tatu wilayani humo jambo hili si habari ya nchi ya mbali. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai nchini tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998.

Kwa msomaji huyu, usomaji wa kuchota taarifa una madhara yanayozidi kupoteza alama. Msichana anaweza kukariri, kwa Kiingereza safi, kwamba mwandishi analaani mila potofu, akaandika hivyo na kupata alama, bila sentensi hiyo kumgusa wala kumsaidia. Imebaki kuwa sentensi ya mtihani, katika lugha ya mtihani. Dhamira imefundishwa kwa namna inayoihakikishia kwamba haitavuka mlango wa darasa.

Njia nyingine imo ndani ya sarufi ya riwaya yenyewe. Kauli ya kutenda na ya kutendwa ni mada inayojulikana katika somo la Kiingereza. Kwa desturi hufundishwa kwa kugeuza sentensi: Juma alipiga mpira, mpira ulipigwa na Juma. Zoezi hilo humfundisha mwanafunzi namna ya kugeuza, bila kumweleza kwa nini mtu aamue kugeuza. Katika mazungumzo kuhusu ukeketaji, sababu iko wazi. Kusema kwamba msichana "amekeketwa" kunamtaja aliyetendewa na kumficha aliyetenda. Kauli ya kutendwa huruhusu tendo litokee bila mtu wa kuulizwa. Mahakama, kwa upande wake, haiwezi kufanya kazi na sentensi isiyo na mtenda. Hakimu huuliza nani, lini, kwa amri ya nani. Riwaya inayoanzia katika mila na kuishia mahakamani ni safari kutoka kauli moja hadi nyingine, na mwanafunzi anaweza kuifuata sura kwa sura kwa kuuliza swali moja tu: katika sentensi hii, mtenda yuko wapi?

Mwanafunzi wa Chamwino hana upungufu katika zoezi hili. Mnyambuliko wa kutendwa anao tayari katika Kiswahili na katika Kigogo, na anajua tangu utotoni tofauti kati ya "nimeozeshwa" na "nimeolewa". Kinachokosekana ni daraja la kumwonesha kwamba ujuzi alionao unahitajika upande wa pili.

Tahadhari mbili ni za lazima. Kwanza, mwalimu hana haki ya kumtaka msichana yeyote aeleze habari zake mwenyewe. Fasihi ina faida hapa kwa sababu inatoa mhusika wa kuzungumziwa. Mwanafunzi anaweza kusema yote anayojua kupitia Olabisi, na hakuna anayelazimika kuuliza ameyajuaje. Pili, Makalay asifanywe kuwa adui wa hadithi. Notisi humweka katika orodha ya "wahusika wabaya", lakini mama anayeamini kwamba anamtengenezea binti yake heshima ni mtu mgumu zaidi kumwelewa kuliko mtu mbaya. Ugogoni, ngoma ya muheme inayopigwa na wanawake iliambatana kihistoria na unyago wa wasichana. Ngoma hiyo ingali inapigwa, na ni fahari ya wengi ambao hawautaki tena ukeketaji. Darasa linaloweza kueleza kwa Kiingereza kwamba jamii inaweza kuitunza ngoma na kukiacha kisu limefikia kiwango cha lugha ambacho orodha ya dhamira haiwezi kukifikia.

3.3 Kimilikishi katika Your Pain

Shairi la Guebuza, lililomo katika diwani ya Growing Up with Poetry iliyohaririwa na David Rubadiri wa Malawi, ni fupi na lina maneno machache. Kwa sababu hiyo huhesabiwa kuwa rahisi na hupitiwa kwa kasi. Mshairi alikuwa mpiganaji wa FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na baadaye alikuwa Rais wa Msumbiji kuanzia 2005 hadi 2015. Wanafunzi wa Chamwino wanaweza kuambiwa kwamba historia ya shairi hili haiko mbali: Kongwa, wilaya inayopakana na yao, ilikuwa na kambi za wapigania uhuru wa nchi za kusini katika miaka ya 1960, wakiwemo wa FRELIMO.

Shairi limejengwa juu ya kurudiarudia. Kilicho chako kinatajwa, kisha kinatajwa kuwa changu zaidi, na tendo la wakati ujao linafuata. Muundo huu ndio maudhui. Anayesema hatoi pole kwa mwenzake kutoka pembeni; anachukua maumivu ya mwenzake na kuyafanya yake, na kutokana na umiliki huo wa pamoja inatoka nguvu ya kupinga dhuluma. Mwanafunzi asiyeuona mpangilio wa vimilikishi hajaliona shairi, hata kama ameandika kwamba dhamira yake ni ukombozi.

Ugumu wa kilugha unatokea pale mwanafunzi anapojaribu kulisema kwa Kiswahili. Kimilikishi cha Kiingereza your hakimwambii kama anayeambiwa ni mmoja au ni wengi. Kiswahili kinamlazimisha achague: maumivu yako, au maumivu yenu? Akichagua "yako", shairi linakuwa neno la siri kati ya wapiganaji wawili. Akichagua "yenu", linakuwa hotuba kwa taifa. Hakuna jibu la notisi kwa swali hili. Atalazimika kurudi kwenye matini, kusoma kila mstari, na kutetea uamuzi wake. Usomaji wa kina wa namna hiyo hufundisha kiwakilishi kimoja cha Kiingereza kwa undani ambao zoezi la kujaza nafasi haliwezi kuufikia.

4.0 Nafasi ya Kiswahili na Kigogo

Mifano yote mitatu imehitaji lugha nyingine mbali na Kiingereza. Jambo hili linapingana na desturi ya shule nyingi za sekondari ya kuwakataza wanafunzi wasitumie Kiswahili katika maeneo ya shule, seuze Kigogo. Hoja ya katazo ni kwamba mwanafunzi ataogelea tu akitupwa majini. Lakini mwanafunzi anayekatazwa lugha aliyonayo hapati lugha nyingine kwa katazo hilo, bali hupata ukimya. Ukimya ndio mazingira yanayofaa zaidi kwa kukariri, kwa kuwa aliyekariri hahitaji kuzungumza na mtu.

Chamwino ina sababu ya pekee ya kulikumbuka hili. Mwalimu Julius Nyerere, aliyeshiriki katika ujenzi wa kijiji cha ujamaa cha Chamwino mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikuwa amekwisha kutafsiri tamthiliya mbili za Shakespeare: Julius Caesar mwaka 1963 na The Merchant of Venice mwaka 1969. Ya pili aliiita Mabepari wa Venisi. Jina hilo lingeweza kutafsiriwa kwa neno la kawaida la mfanyabiashara, tena katika umoja. Nyerere alichagua "bepari", na akachagua wingi. Kwa maamuzi hayo mawili tamthiliya nzima ilipata mhukumiwa mwingine: badala ya mtu mmoja, tabaka. Mtu anaweza kuyakubali maamuzi hayo au kuyapinga, lakini hawezi kufanya lolote kati ya hayo bila kuelewa kwa usahihi neno la Kiingereza linabeba nini na linaacha nini. Tafsiri katika maana hii ni namna kali zaidi ya kusoma. Mwanafunzi anayepewa mistari minne ya kutafsiri na kutetea kila neno anajifunza Kiingereza, na Kiswahili chake nacho kinanolewa.

Kigogo kina mchango wake. Eneo hili lina utamaduni tajiri wa nyimbo, vitendawili na masimulizi, na ndilo lililomzaa Hukwe Zawose, mwanamuziki aliyezaliwa katika kijiji cha Doduma na kuufikisha muziki wa Wagogo kwenye majukwaa ya dunia. Mtoto aliyekua akiitikia nyimbo za kupokezana anajua tayari takriri ni nini na inafanya nini kwa msikilizaji. Akifundishwa takriri katika shairi la Guebuza kama istilahi mpya ya Kiingereza, anaambiwa kwamba hajui kitu anachokijua. Akiulizwa kwanza wimbo wa kwao unarudia nini na kwa nini, anaingia katika shairi akiwa mjuzi.

5.0 Hoja Kinzani na Mipaka ya Tahakiki

Hoja tatu zinaweza kutolewa kupinga msimamo huu. Ya kwanza ni ya vifaa: nakala za vitabu ni chache na madarasa ni makubwa, kwa hiyo notisi ni suluhisho la lazima. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, kinachohitajika katika usomaji uliopendekezwa ni kidogo. Shairi fupi huandikwa ubaoni, na onesho moja la tamthiliya hugawiwa kwa waigizaji sita huku wengine wakisikiliza. Kurasa tatu zilizosomwa kwa kina zina faida kubwa kwa lugha kuliko muhtasari wa kitabu kizima.

Hoja ya pili ni ya mtihani: mwalimu hupimwa kwa ufaulu, na ufaulu hutokana na dhamira zilizokaririwa. Hili ni kweli, na lawama haiwezi kumwangukia mwalimu peke yake. Kinachopaswa kubadilika ni swali. Mtahiniwa angeweza kupewa dondoo kutoka kitabu teule na kuulizwa nani anazungumza, anamficha nani, na angesema nini tofauti kama angekuwa mahali pa mhusika mwingine. Angeweza kutakiwa aandike barua ya Ndi kwa baba yake Juliette. Swali la namna hiyo halijibiki kwa desa. Mabadiliko ya mtaala yaliyoanza kutekelezwa mwaka 2024, yanayosisitiza umahiri, yanatoa nafasi ya kuliuliza.

Hoja ya tatu inatoka upande wa fasihi: kwamba kuitumia kazi ya sanaa kufundishia viwakilishi ni kuishusha hadhi. Hoja hii ingekuwa sahihi kama sarufi ingetolewa nje na kubandikwa juu ya matini. Uchambuzi umeonesha kinyume. Nafsi ya tatu ya Juliette, mtenda aliyefichwa katika habari ya Olabisi na kimilikishi cha Guebuza ni sehemu ya usanii wa kazi hizo. Kuzisoma kwa makini kama lugha ndiko kuzisoma kama fasihi.

Mipaka ya tahakiki hii ni bayana. Imechambua matini na desturi ya kuzifundisha, na haikupima matokeo ya mbinu zilizopendekezwa darasani. Aidha, imemzungumzia msomaji wa Chamwino kama kundi, ilhali ndani ya wilaya moja wapo watoto waliokulia Ikulu Ndogo ya Kiswahili cha mjini na wapo waliokulia katika kaya za Kigogo kitupu.

6.0 Hitimisho

Kwa miongo kadhaa mjadala kuhusu fasihi ya Kiingereza katika Afrika Mashariki umehusu orodha: ni waandishi gani wasomwe, wa Ulaya au wa Afrika. Tangu vuguvugu la Nairobi la mwaka 1968, ambapo Ngũgĩ wa Thiong'o na wenzake walitaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati, orodha zimebadilika kwa kiasi kikubwa. Mwanafunzi wa Chamwino leo anawasoma Wakamerun, Wasierra Leone na Wamsumbiji. Kilichobaki bila kubadilika ni swali analoulizwa akimaliza kusoma, na swali hilo ndilo linaloamua kama kitabu kitamfundisha lugha au hakitamfundisha.

Makala haya yamependekeza kwamba kila kitabu teule kisomwe kwa kutafuta mahali ambapo jambo zito la maudhui na jambo gumu la lugha ni kitu kimoja, na kwamba mwanafunzi aruhusiwe kufika mahali hapo kwa lugha zote alizonazo. Manufaa yake yanahusu alama za mtihani, lakini hayaishii hapo. Msichana wa Itiso aliyejifunza kuuliza mtenda yuko wapi anaweza kuuliza hivyo kwa Kiingereza mbele ya msahihishaji, kwa Kiswahili mbele ya afisa ustawi wa jamii, na kwa Kigogo mbele ya shangazi zake.